Sharti na Dadu: Hadithi za Ajabu Zinapohamia Ubaoni

Kila kazi ya fasihi inapohama kutoka utanzu mmoja hadi mwingine, uhakiki wa Kiswahili umezoea kuuliza ni nini kilichopotea njiani na ni nini kilichopatikana. Swali hilo limeulizwa kuhusu tafsiri, kuhusu riwaya zilizogeuzwa tamthilia, na kuhusu ngano za mdomo zilizotiwa vitabuni. Halijaulizwa vya kutosha kuhusu mchezo wa ubao: mchezo wa mezani wenye ramani, kete, karata na dadu, ambao katika miongo michache iliyopita umejitwalia hadithi za ajabu kuwa malighafi yake. Riwaya ya J. R. R. Tolkien, The Lord of the Rings, iliyotoka kwa majuzuu matatu mwaka 1954 na 1955, ni mfano ulio wazi. Reiner Knizia aliitungia mchezo mwaka 2000. Roberto Di Meglio, Marco Maggi na Francesco Nepitello wakatoa War of the Ring mwaka 2004. Mwaka 2024 ukaja mchezo wa watu wawili wa Antoine Bauza na Bruno Cathala. Na mwaka 2025 ukafuata ule wa Matt Leacock uitwao Fate of the Fellowship. Alfu Lela U Lela ilikuwa imekwisha kupata mchezo wake tangu mwaka 1985, yaani Tales of the Arabian Nights wa Eric Goldberg, uliochapishwa upya kwa sura mpya mwaka 2009.

Huenda msomaji aliyeketi Cheptiret, pale njia ya kwenda Kesses na Chuo Kikuu cha Moi inapoiacha barabara kuu ya Eldoret na Nakuru, akayaona mambo haya kuwa ya mbali. Michezo hiyo ni ghali, maandishi yake si ya Kiswahili, na ubao anaoukuta kando ya barabara ni wa drafti inayochezwa kwa vifuniko vya chupa. Lakini Alfu Lela U Lela si mgeni katika fasihi hii. Hadithi zake zilisimuliwa pwani kabla ya kuchapishwa. Zikatafsiriwa na Edwin Brenn na Frederick Johnson kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920. Baadaye zikatafsiriwa tena na Hassan Adam. Juu ya yote, zilimpa Shaaban Robert kiunzi cha Adili na Nduguze (1952). Mtu anapoigeuza Alfu Lela U Lela kuwa ubao na dadu, anaigusa kazi ambayo fasihi ya Kiswahili ina haki ya kuisemea. Kuwaachia wachuuzi wa michezo hukumu hiyo ni uzembe wa kitaaluma.

Makala haya yanashikilia kwamba michezo hiyo imekuwa ikipimwa kwa kipimo kisicho chake. Husifiwa kwa uzuri wa picha, kwa wingi wa wahusika, na kwa jinsi ramani inavyolingana na ile ya kitabuni. Hayo ni mavazi. Uti wa mgongo wa hadithi ya ajabu ni sharti, na mchezo unastahili kuitwa uhawilishaji wa hadithi pale tu unapolibeba sharti hilo na kulitia mkononi mwa mchezaji.

Sharti na kanuni

Neno sharti linatumiwa hapa kwa maana ya jambo linaloambatana na ajabu na kumfunga anayeitumia. Pete ya ajabu humficha anayeivaa, lakini humla kidogo kidogo. Jini hutoa msaada, lakini msaada wake una amri ndani yake. Mlango unafunguka, ila mmoja kati ya milango yote usifunguliwe. Bila sharti ajabu huwa kiinimacho tu: hushangaza mara moja na kuchosha mara ya pili. Ndiyo maana watoto waliosimuliwa ngano hukumbuka mwiko alioupuuza shujaa hata baada ya kulisahau jina lake.

Adili na Nduguze inalionyesha jambo hili kwa ukali. Hasidi na Mwivu wanamtupa ndugu yao baharini. Huria, jini aliyewahi kuokolewa na Adili, anawageuza kuwa manyani. Hadithi nyingi zingeishia hapo, mwovu akiwa ameadhibiwa na mwema akiwa amefutwa machozi. Shaaban Robert, akifuata asili ya Kiarabu ambamo ndugu hugeuzwa mbwa, anaendelea: Adili mwenyewe anaamriwa awapige nduguze kila usiku. Adhabu ya waovu inakuwa mzigo wa mwema. Anayetawala Janibu mchana kwa huruma anashika mjeledi usiku kwa amri. Hapo ndipo hadithi inapopata uzito wake, na uzito huo hautoki katika ugeni wa jini. Unatoka katika urudiaji wa kitendo kisichotakiwa na mtendaji.

Sasa, mchezo wowote una kanuni. Kanuni ni tofauti na sharti: sharti humfunga mhusika ndani ya hadithi, na kanuni humfunga mchezaji aliye nje yake. Mhusika anaweza kulivunja sharti na kuadhibiwa; mchezaji akiivunja kanuni hakuna mchezo tena. Lewis Carroll aliijua tofauti hii vizuri. Katika kitabu chake cha mwaka 1865, kilichofika kwa Kiswahili kama Elisi Katika Nchi ya Ajabu mwaka 1940 na tena kama Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis mwaka 2015, Malkia anachezesha mchezo ambao vifaa vyake ni ndege na kalunguyeye walio hai, na hakuna anayengoja zamu yake. Alisi anahangaika kwa sababu amekuta mchezo usio na kanuni, wenye vitisho tu. Katika kitabu cha pili, cha mwaka 1871, Carroll alifanya kinyume: akaijenga safari nzima juu ya ubao wa sataranji, Alisi akiwa kitunda kinachosonga hadi mwisho wa ubao na kuwa malkia. Kwa hiyo ndoa ya hadithi ya ajabu na ubao haikuanza na wachapaji wa leo. Kilichobadilika ni kwamba Carroll aliuchukua mchezo akaufanya hadithi, na watunzi wa sasa wanaichukua hadithi na kuifanya mchezo. Njia ya pili ndiyo ngumu.

Michezo mezani

Baadhi ya michezo hiyo haihitaji maneno mengi. Mfululizo wa Unmatched ulipoanza mwaka 2019 uliwakutanisha Mfalme Arthur, Alisi, Medusa na Sindbad katika uwanja mmoja ili wapigane. Ni mchezo uliotungwa kwa ustadi, na katika karata za Sindbad safari zinamwongezea nguvu kadiri anavyozicheza, jambo linaloonyesha kwamba mtunzi alikisoma kisa chake. Lakini mpiganaji anayeshindana na Alisi si yule mfanyabiashara wa Baghdad aliyeapa baada ya kila safari kwamba hatasafiri tena, kisha akasafiri. Kiapo kinachovunjwa mara kwa mara ndicho kiini cha Sindbad, na ndicho kilichoachwa. Lililobaki ni jina, jahazi na upanga.

Tales of the Arabian Nights ni jambo jingine, na unastahili kusomwa kwa makini. Kila mchezaji hutwaa mhusika, kwa mfano Sindbad, Ali Baba au Shahrazadi, na kusafiri juu ya ramani. Anapofika mahali hukutana na jambo: jini mwenye hasira, mzee aliyepotea, dhoruba. Huchagua namna ya kulikabili katika orodha ya vitendo kama kuomba dua, kushambulia, kuiba, kufuata au kungoja. Majedwali huelekeza kwenye aya yenye namba katika kitabu kikubwa chenye aya zaidi ya 2000, na mchezaji mwingine humsomea kilichompata. Anaweza kutajirika, anaweza pia kutoka pale akiwa amerukwa na akili, amefungwa, amerogwa, au amegeuzwa mnyama, na hali hiyo ikamfuata katika safari iliyosalia.

Sifa ya kwanza ya mchezo huu ni kwamba umerudisha sikio. Kitabu hakisomwi kimya; mmoja husoma na mwingine husikiliza yanayomhusu yeye mwenyewe. Anayeijua fanani na hadhira ya ngano za Kiswahili ataitambua hali hii. Sifa ya pili ni kwamba hauabudu ushindi. Mwanzoni kila mchezaji huamua kwa siri ni alama ngapi za hadithi na ngapi za majaaliwa anazozitafuta, jumla yake ikiwa 20, na akizipata lazima arudi Baghdad. Wengi hucheza mpaka wakasahau kuhesabu.

Hata hivyo sharti limeponyoka. Katika mchezo huu iko dadu ndogo ya majaaliwa ambayo huiongeza, huipunguza au huiacha ilivyo namba ya aya inayosomwa. Mchezaji aliyemwomba jini kwa unyenyekevu anaweza kupewa hazina. Mwenzake aliyemwomba vivyo hivyo anageuzwa mnyama, kwa sababu dadu ilisogeza aya moja mbele. Itasemwa kwamba ndivyo yalivyo majaaliwa katika Alfu Lela U Lela. Sivyo. Majaaliwa ya hadithi zile ni mapana na mara nyingi hayaelekei haki, lakini baada ya kutokea hueleweka: mzee alidhulumiwa na mkewe ndiyo maana anamburuta swala, mfalme alifanywa jiwe nusu mwili kwa sababu iliyosimuliwa mpaka mwisho. Kila ajabu ina kisa nyuma yake, na kisa kikisimuliwa huweza kuokoa maisha ya mtu. Ubaoni, ajabu ina namba tu. Matokeo yapo, chanzo hakipo. Mchezaji hucheka, na ana haki ya kucheka, lakini hajafungwa na lolote alilolitenda.

Knizia alikwenda njia nyingine kabisa. Ubao wake wa mwaka 2000 una maneno machache sana kulinganisha na kitabu kikubwa cha Goldberg, na pengine kwa sababu hiyo umeikaribia zaidi riwaya. Wachezaji wote ni mahobiti na wote wako upande mmoja. Washinde wote au washindwe wote. Kuna mstari mmoja ambao mwisho wake wa giza anasimama Sauron. Kila udhaifu humsogeza hobiti kuelekea gizani, na wakati mwingine Sauron mwenyewe husogea kuelekea kwenye nuru. Hobiti akikutana naye ametoka mchezoni. Akikutana naye akiwa ndiye mchukuzi wa Pete, mchezo umekwisha kwa wote.

Pete yenyewe huweza kuvaliwa. Anayeivaa huruka hatua kadhaa za hatari, lakini hutupa dadu kwanza, na dadu hiyo inaweza kumsukuma kuelekea gizani. Hapa kanuni na sharti vimekuwa kitu kimoja. Mchezaji haelezwi kwamba Pete ni kishawishi, anashawishika. Meza nzima humwambia aivae kwa sababu wamechoka na hali ni mbaya, na yeye ndiye atakayelipa. Zaidi ya hayo, hufika wakati wachezaji wakajadili waziwazi nani aachwe apotee ili wengine wafike. Hakuna aya iliyoandikwa kuhusu dhabihu. Wachezaji wenyewe ndio wanaoitamka.

War of the Ring, ulio mrefu na mzito kuliko huo, hufanya jambo kama hilo kwa upande wa wakati. Wawili hushindana: mmoja anayaongoza mataifa huru, mwingine anashika majeshi ya Kivuli. Kila mara wachukuzi wa Pete wanaposogezwa, dadu iliyotumika hutiwa katika kisanduku cha Msako, na hatua inayofuata katika zamu ileile huwa ya hatari zaidi kwa sababu ya ile iliyotangulia. Haraka ina bei, na bei hiyo inaonekana mezani. Anayekwenda polepole naye anaiona miji ikianguka. Ni vigumu kuupata muhtasari mfupi zaidi wa riwaya ya Tolkien kuliko kisanduku hicho.

Kuhusu mchezo wa Leacock wa mwaka 2025, jambo moja linatosha. Kiunzi chake kinatokana na mchezo wake wa mwaka 2008, Pandemic, ambamo wachezaji hushirikiana kuzuia maradhi yasienee duniani. Majeshi ya Kivuli sasa yanaenea kama yalivyokuwa yakienea maradhi. Si kosa mtunzi kukitumia kiunzi chake mara mbili. Shaaban Robert naye alikitumia cha wengine. Lakini swali la uhakiki linabaki: je, kiunzi kimebadilika kwa kuibeba hadithi mpya, au hadithi imekatwa ili itoshee kiunzi? Pale Frodo anapoweza kutafutwa na macho ya adui huku wenzake wakijitolea kuyavuta kwingine, kiunzi kimebadilika. Pale majeshi yanapohesabiwa na kusafishwa mji baada ya mji, maradhi bado yapo chini ya ngozi.

Bao, mji, na mchezo usio na picha

Anayeichunguza michezo hii kutoka Afrika Mashariki ana faida ambayo wahakiki wa kwingineko hawana. Ana bao. Mchezo huo wa mashimo 32 na kete 64 hauna picha, hauna wahusika, wala haukutoka katika kitabu chochote, lakini msamiati wake ni wa hadithi. Kete hula, husafiri, hulala. Shimo kuu huitwa nyumba. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Hunamua mpaka zikaisha, kisha huingia katika mtaji. Alex de Voogt, katika utafiti wake wa mwaka 1995 kuhusu mabingwa wa bao, alionyesha ukubwa wa hesabu wanazozibeba kichwani. Upande wa fasihi ulikuwa umekwisha kutangulia: Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alilitungia bao shairi ambalo wasomaji wake hawakudhani linazungumzia kete peke yake.

Mambo mawili katika bao yanahusu hoja ya makala haya. La kwanza ni kwamba kula ni lazima. Mchezaji mwenye nafasi ya kula hawezi kusema leo nimeshiba. Akila vibaya, amekula. La pili ni nyumba. Kete za mwisho zikiangukia katika nyumba yake wakati wa kunamua, mwenye nyumba anaweza kulala hapo au kuisafirisha. Akiisafirisha, pengine atazoa kete nyingi na watazamaji wapige kelele. Lakini nyumba iliyokwisha kusafiri haiwi nyumba tena mpaka mwisho wa mchezo huo. Hilo ni sharti kamili: nguvu kubwa, mara moja, kwa hasara isiyorudishika. Kama kuna anayetaka kumfundisha mwanafunzi Pete ya Tolkien ni kitu gani bila kusafirisha sanduku kutoka ng'ambo, na amsafirishe nyumba.

Kitendawili nacho ni mchezo wa ajabu ambao haujapewa haki yake. Mtegaji anapotega na hadhira ikashindwa, huomba mji, na mji hutolewa: Mombasa, Nairobi, Eldoret. Hakuna aliyewahi kuukabidhi mji kwa hati, ila mtegaji huupokea, huenda huko kwa maneno, huyasimulia aliyoyaona na kuyala, kisha ndipo hutoa jibu. Ramani yote ya mchezo imo mdomoni. Ujinga hulipiwa kwa ardhi, na ardhi hulipiwa kwa hadithi. Mtunzi wa ubao akitafuta namna ya kuunganisha ushindani na usimulizi, jambo ambalo Goldberg alihitaji aya zaidi ya 2000 kulifanya, ataikuta hapa imekwisha kutatuliwa.

Kusadikika kama ubao

Ni halali basi kuuliza ni kazi zipi za Kiswahili zingeweza kuhama. Mzingile (1991) ya Euphrase Kezilahabi ina njia zinazopotea kwa jina na kwa muundo, Walenisi (1995) ya Katama Mkangi ina chombo na safari, Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wadi Wamitila ina msafiri anayefuata nyayo za asiyemwona. Zote zinavutia kwa juu juu. Inayovutia kwa ndani ni Kusadikika (1951).

Kwa mtazamo wa kwanza riwaya hiyo imekwisha kuwa ubao. Nchi inaelea angani. Wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, wanatumwa pande sita: nne za dunia, moja ya juu na moja ya chini. Kila mmoja anapata taabu, anaona nchi ya ajabu, na anarudi na jambo la manufaa. Mtunzi wa michezo aliyezoea biashara angeshangilia. Angechora pande sita, angetia hatari katika kila njia, na angempa tuzo arudiye wa kwanza.

Kwa kufanya hivyo angekuwa ameua Kusadikika. Katika riwaya, arudiye anafungwa. Elimu aliyoileta ndiyo kosa lake. Na visa vyote sita havisimuliwi na wasafiri wenyewe, vinasimuliwa na Karama, mshtakiwa aliyesimama mbele ya baraza, siku baada ya siku, ambaye makosa yake ni kutaka kufundisha uanasheria na ambaye maneno yake ndiyo kinga pekee aliyo nayo dhidi ya mashtaka ya Majivuno. Shahrazadi alisimulia ili asichinjwe; Karama anasimulia ili asihukumiwe. Undugu wa kazi hizi mbili uko hapo, kuliko katika majini. Ubao unaoistahili Kusadikika ungelazimika kumweka mchezaji mahali ambapo kufaulu katika safari humsogeza kuelekea kifungoni, na kinachoweza kumtoa ni jinsi atakavyokisimulia kisa chake kwa wenzake waliokaa kama baraza. Kanuni hiyo inaweza kuandikwa katika nusu ukurasa.

Adili na Nduguze ni ngumu zaidi, na pengine haiwezekani. Mchezaji anayelazimishwa kila zamu kupoteza kitu kwa sababu ya nduguze atafanya hesabu tu. Ataiona kodi pale msomaji anapoona mjeledi. Kila mchezo una tabia ya kuyageuza maumivu kuwa gharama. Knizia aliikwepa hatari hiyo kwa kuwa maumivu ya mahobiti wake ni ya kundi zima na hujadiliwa kwa sauti. Adili hulia peke yake, chumbani, usiku, na mpaka mjumbe wa mfalme anapomwona hakuna anayejua. Ubao hauna chumba cha kufungwa. Hiki ni kikomo cha utanzu wenyewe, na inafaa kisemwe kabla mtu hajatangaza kwamba kila riwaya inaweza kuchezwa.

Kipo pia kikomo cha aina nyingine, kinachowahusu hasa watu wa nyanda hizi. Mwaka 1909 A. C. Hollis aliandika katika kitabu chake juu ya Wanandi habari za Chemosit: nusu mtu, nusu ndege, mwenye mguu mmoja, anayejikongoja kwa fimbo iliyo kama mkuki, na ambaye kinywa chake chekundu hung'aa usiku kama taa. Kwa soko la michezo la leo, linalotafuta mazimwi mapya baada ya yale ya Ulaya kuzoeleka, Chemosit ni dhahabu. Ni rahisi kuiona karata yake: picha ya kutisha, nguvu tano, uhai watatu, na bei ya kumshinda. Lakini Chemosit wa simulizi hashindwi kwa nguvu tano. Kinachomhusu ni usiku, mtoto aliye mbali na nyumbani, na taa isiyo taa. Zimwi lenye namba si zimwi tena, ni kizuizi. Atakayemtia ubaoni bila mwanga wake wa hadaa, yaani bila kumfanya mchezaji aitamani ile taa kabla ya kujua ni nini, atakuwa amechukua ngozi na kuuacha mwili msituni.

Baadhi ya walimu wa fasihi watapinga kwamba haya yote ni kuipa heshima ya uhakiki bidhaa ya burudani. Pingamizi hilo ni la zamani. Lilitolewa dhidi ya riwaya pendwa, na kabla yake dhidi ya riwaya yenyewe. Pingamizi zito zaidi ni lile linalosema kwamba kanuni huifunga maana: msomaji wa Nagona au Mzingile ana uhuru wa kutoelewa, na mchezaji hana, kwa kuwa asipoelewa hawezi kucheza. Ni kweli. Ila uhuru huo wa msomaji una upande wa pili: msomaji anaweza kuikubali hukumu ya kitabu bila kuibeba. Anaweza kumhurumia Karama na kuifunga riwaya. Aliyeketi kama Majivuno kwa saa moja, akitafuta kwa bidii hoja ya kumtia mwenzake kifungoni kwa sababu kanuni imempa kiti hicho, amejua jambo kuhusu baraza la Kusadikika ambalo mtihani haujawahi kumuuliza.

Vifaa vya jaribio hilo havigharimu kitu. Karatasi moja yenye pande sita, vifuniko vya chupa kwa wajumbe, vipande vya karatasi kwa hatari za njiani, na riwaya yenyewe mezani kwa ajili ya kuamulia mabishano. Ugumu utaanza wakati wa kugawa viti, kwa maana kila mmoja atataka kuwa Karama.